Jinsi ya Kukusanya Chapa za Mwanzo za Riwaya za Kejeli za Marekani

Fungua Babbitt ya Sinclair Lewis, ile ya Harcourt, Brace and Company ya mwaka 1922, ukurasa wa 49. Ukikuta "Purdy" kwenye mstari wa 4 na "my fellow" kwenye mstari wa 5, umeshika nakala iliyotoka mtamboni kabla makosa hayajagunduliwa. Ukikuta "Lyte" na "any fellow", nakala hiyo ilichapwa mabamba ya kuchapia yalipokwisha kusahihishwa. Zisimamishe mbili hizo rafuni, kitambaa cha buluu na herufi za rangi ya chungwa, zimefanana kama shilingi kwa ya pili. Bei zao hazifanani hata kidogo.

Kazi hii kwa sehemu kubwa ni kusoma ushahidi wa namna hiyo. Muuzaji akisema "toleo la kwanza" hajakwambia kitu bado. Maneno hayo wengine huyatumia kwa kitabu chochote chenye mwaka unaofaa kwenye ukurasa wa hakimiliki, na wala si lazima wawe wadanganyifu. Wengi hawajui tu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Toleo ni vitabu vyote vilivyochapwa kwa mpangilio uleule wa herufi, hata kama mitambo iliwashwa mara kumi katika miaka mitano. Chapa ni kila mara mitambo ilipowashwa. Mkusanyaji akisema anataka toleo la kwanza, maana yake ni chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Ndani ya chapa moja kunaweza kuwa na hatua: mtambo umesimamishwa, herufi iliyovunjika ikabadilishwa, kazi ikaendelea, na karatasi za kabla na za baada zikafungwa pamoja na kuuzwa siku moja. "Purdy" na "Lyte" ni mambo ya hatua. Kitu kidogo kinachotofautisha hatua au chapa, kama neno lililokosewa, namba ya ukurasa iliyokatika au tangazo la nyuma, tutakiita alama.

Jua kilicho adimu kabla ya kutoa pesa

Riwaya za kejeli zina tabia moja inayozitenga na riwaya nyingine za Marekani: ama zilinunuliwa kwa fujo na watu walewale waliokuwa wakichekwa ndani yake, ama zilipuuzwa kabisa hadi mwandishi yu kaburini. Kila upande una adimu yake, na mgeni hulipa pesa nyingi kwa kitu ambacho si adimu hata kidogo.

Lewis ni mfano wa upande wa kwanza. Main Street ya 1920 na Babbitt ziliuzwa sana, kwa hiyo kitabu kitupu, bila jaketi la karatasi, si kigumu kukipata. Kigumu ni jaketi. Wasomaji wa miaka ile walilichukulia kama karatasi ya kufungia bidhaa na kulitupa kitabu kilipofika nyumbani. Ukikuta Babbitt ya hatua ya kwanza bila jaketi, inunue kwa bei ya kitabu cha kusoma kilichotunzwa vizuri, usiongeze.

Nathanael West yuko upande wa pili. The Dream Life of Balso Snell ilitoka mwaka 1931 kwa nakala 500 tu. Miss Lonelyhearts ya 1933 ilikumbwa na mkosi mwingine: kampuni ya Liveright ilifilisika kitabu kikiwa ndiyo kwanza kimetoka, na mchapaji aliyekuwa akidai pesa zake akazuia sehemu kubwa ya nakala. Harcourt, Brace ikakitoa tena mwaka huohuo, soko likiwa limekwisha kupoa. Kwa hiyo jina la Liveright kwenye ukurasa wa jina la kitabu na mgongoni ndilo la kutazama kwanza. The Day of the Locust, Random House 1939, iliuza nakala pungufu ya 1,500. Kwa West, hata kitabu kisicho na jaketi ni cha kufikiriwa mara mbili kabla ya kukirudisha rafuni.

Katikati kuna A Confederacy of Dunces ya John Kennedy Toole. Mwandishi alifariki mwaka 1969, mama yake akahangaika na mswada kwa miaka, hatimaye Louisiana State University Press ikautoa mwaka 1980 kwa nakala 2,500. Mwaka 1981 kitabu kikapata tuzo ya Pulitzer, na ghafla kila mtu akakitaka. Wateja wakubwa wa mashirika ya uchapaji ya vyuo vikuu ni maktaba, kwa hiyo nakala nyingi za chapa ya kwanza zilipigwa mihuri, zikabandikwa mifuko ya kadi na kuandikwa namba mgongoni. Nakala safi isiyopitia maktaba ndiyo adimu hasa. Bei ya jaketi ni dola 12.95, na chapa ya kwanza haitaji chapa nyingine yoyote kwenye ukurasa wa hakimiliki, ilhali zilizofuata hujitaja. Maoni ya magazeti yaliongezwa nyuma ya jaketi baadaye, sifa zilipoanza kumiminika, kwa hiyo jaketi lililojaa sifa za magazeti ni la kutiliwa shaka.

Kuna pia waandishi ambao soko liliwachelewesha bila sababu ya maana. Black No More ya George Schuyler, Macaulay 1931, na Infants of the Spring ya Wallace Thurman, Macaulay 1932, ni kejeli kali za enzi ya Harlem, ule mwamko wa waandishi na wasanii weusi wa New York. Kwa miaka mingi wakusanyaji walizipita wakikimbilia majina yaleyale matatu au manne. Leo zikiwa na majaketi yake zinasakwa kweli. Mumbo Jumbo ya Ishmael Reed, Doubleday 1972, bado inapatikana kwa juhudi za kawaida, nayo ni mahali pazuri pa mtu kuanzia.

Kusoma ukurasa wa hakimiliki

Kila kampuni ya Marekani ilikuwa na desturi yake, na desturi hizo zilibadilika. Ndiyo maana hakuna kanuni moja. Zifuatazo zinatosha kwa vitabu vingi utakavyokutana navyo.

Scribner's kuanzia 1930 waliweka herufi A kwenye ukurasa wa hakimiliki wa chapa ya kwanza, na kwa muda mrefu waliifuatisha na nembo yao. Player Piano ya Kurt Vonnegut, 1952, lazima iwe na A hiyo na nembo. Ikikosekana A, hiyo si chapa ya kwanza, hata muuzaji aseme nini. Simon and Schuster wa mwaka 1961 waliandika "First Printing" waziwazi, na hilo ndilo la kutafuta kwenye Catch-22 ya Joseph Heller. Delacorte walifanya vivyo hivyo kwenye Slaughterhouse-Five ya Vonnegut, 1969. Random House ndio huwaponza wengi: kwa miaka mingi walichapa maneno "First Edition" pamoja na safu ya namba za kuhesabia chapa, inayoanzia 2, si 1. Mtu aliyezoea kutafuta 1 huirudisha rafuni chapa ya kwanza halisi. Maneno hayo yakiondolewa na safu ikabaki inaanzia 2, hapo ndipo inakuwa chapa ya pili.

Harper walitumia herufi mbili kuanzia 1912, ya kwanza ikiwa ya mwezi na ya pili ya mwaka. Herufi hizo lazima zilingane na mwaka wa hakimiliki. Zikionyesha mwaka wa mbele zaidi, umeshika chapa ya baadaye.

Harcourt, Brace wa miaka ya mwanzo ya 1920 hawakuandika neno lolote la kusaidia, ndiyo sababu kwa Lewis tunategemea alama za ndani. Kwa Main Street kuna msaada mmoja mkubwa: jina la kampuni lilikuwa Harcourt, Brace and Howe, na Howe aliondoka muda mfupi baadaye. Jina la Howe likikosekana kwenye ukurasa wa jina, usiendelee. Likiwepo, angalia namba ya ukurasa wa 54 kama ni nzima, kisha herufi y katika neno "may" ukurasa wa 387, mstari wa 42, kama haijapondeka. Mabamba ya chuma yakichapa maelfu ya karatasi, herufi za pembeni huchoka na kuvunjika. Herufi nzima maana yake bamba lilikuwa bado jipya.

Arrowsmith ya 1925 ina mtego wa aina yake. Ukurasa wa hakimiliki wa chapa ya kwanza iliyouzwa madukani unasema ni chapa ya pili. Sababu ni kwamba nakala 500 maalumu zenye sahihi ya Lewis zilitangulia na kuhesabiwa kuwa ya kwanza. Asiyejua huiacha mezani.

Jihadhari sana na Grosset & Dunlap na A. L. Burt. Hizi zilikuwa kampuni za kurudia vitabu kwa bei nafuu: zilikodi mabamba yaleyale, wakati mwingine zikaacha ukurasa wa hakimiliki kama ulivyokuwa, zikabadilisha jina lao tu mgongoni na kwenye ukurasa wa jina. Soma mgongo kwanza, halafu ndiyo ufungue.

Huckleberry Finn kwa karibu

Kitabu hiki kinastahili nafasi yake, maana ndicho kinachofundisha karibu kila kitu, na ndicho kinachopoteza pesa za watu wengi.

Adventures of Huckleberry Finn ilitoka London kwa Chatto & Windus Desemba 1884, na Marekani Februari 1885 kwa Charles L. Webster and Company, kampuni ya mwandishi mwenyewe, Mark Twain. Kwa tarehe Waingereza walitangulia. Hata hivyo wakusanyaji wengi hufuata nchi ya mwandishi na kuitaka ya Marekani. Ukurasa wa jina una mwaka 1885, na nyuma yake hakimiliki ya 1884. Tofauti hiyo isikushtue.

Kitabu hakikuuzwa madukani. Mawakala walibisha hodi nyumba kwa nyumba wakiwa na kitabu cha sampuli chenye kurasa chache, vipande vya jalada, na nyuma karatasi zenye mistari ya kuandikia majina ya wanaoagiza. Mteja alichagua kitambaa kwa dola 2.75, ngozi ya kondoo kwa 3.25, au nusu ngozi bora kwa 4.25. Kitambaa kilikuwa cha kijani, na aliyetaka kilingane na kitabu cha Tom Sawyer alichokuwa nacho aliomba buluu. Walioomba walikuwa wachache, na ndiyo maana buluu leo ni ghali zaidi. Ngozi nazo ni chache, ila nyingi zimekauka na kumeguka kwenye mikunjo.

Sasa alama. Ukurasa wa 13, kwenye orodha ya michoro, mchoro wa "Him and another Man" umeandikwa uko ukurasa wa 88 ilhali uko 87. Ukurasa wa 57, mstari wa 11 kutoka chini, neno "saw", yaani msumeno, limegeuzwa: "with the was" badala ya "with the saw". Ukurasa wa 155, tarakimu 5 ya mwisho imekosekana kwenye baadhi ya nakala, na kwenye nyingine imewekwa upya kwa umbo tofauti kidogo.

Halafu ukurasa wa 283. Mtu ambaye hakujulikana kamwe alilichezea bamba la mchoro wa E. W. Kemble unaomwonyesha Mjomba Silas, akaongeza mstari uliofanya suruali ya mzee wa watu ionekane wazi mahali pasipofaa. Jambo hilo liligunduliwa wakati vitabu vya sampuli vimekwisha kuwafikia mawakala. Webster akatangaza zawadi ya dola 500 kwa atakayemfichua mhusika, na ukurasa ukakatwa kwenye karatasi zilizokwisha kuchapwa, ukabandikwa mwingine. Kwa hiyo kwenye nakala zilizofungwa mapema utaona ukurasa wa 283 umegundishwa kwenye ukingo mwembamba uliobaki baada ya kukata. Kwenye za baadaye ukurasa huo ni sehemu ya karatasi yenyewe, haukubandikwa. Kuangalia, usipanue kitabu kwa nguvu. Kifungue nyuzi 90 tu, mulika mkunjo wa ndani kwa tochi kutoka juu, na utazame kama jani limetoka kwenye mshono au limelala juu ya ukingo mwingine.

Wengi hukosea hapa. Wanataka nakala yenye alama zote za mapema kwa pamoja, na wanadhani ndiyo iliyotoka kabla ya nyingine zote. Karatasi zilichapwa kwa wingi, zikarundikwa, na wafungaji wakachota kutoka marundo tofauti. Nakala yenye "was" ukurasa wa 57 inaweza kuwa na ukurasa wa 283 wa baadaye, na zote mbili zikawa zimeuzwa wiki moja. Soko hulipa zaidi kwa alama za mapema, hilo kweli, lakini ukiambiwa kwamba nakala fulani ni ya kwanza kabisa kufungwa, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Picha ya sanamu ya Twain iliyo mwanzoni haiamui kitu: ilichapwa kando na kuchomekwa, nayo ina hatua zake.

Kwa vitabu vingine vya Twain, yatosha kutaja mawili. The Gilded Age, aliyoandika na Charles Dudley Warner, itafutwe yenye 1873 kwenye ukurasa wa jina na yenye mhusika anayeitwa Eschol Sellers. Alijitokeza mtu mwenye jina hilo kweli akalalamika, na jina likabadilishwa kuwa Beriah. A Connecticut Yankee in King Arthur's Court ya 1889 ina pambo dogo lenye umbo la S katikati ya maneno chini ya mchoro wa ukurasa wa 59. Pambo likiwepo, ni ya mapema.

Jaketi

Kwa vitabu vya baada ya 1920, sehemu kubwa ya thamani iko kwenye karatasi hii nyepesi, na udanganyifu mwingi uko papo hapo. Unahitaji vitu vitatu: lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo ya mwanga mweupe, na tochi ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365.

Anza na pindo la mbele. Bei ipo? Catch-22 iwe na dola 5.95. Kona ikiwa imekatwa, uliza kwa nini. Zamani watu walikata bei ya zawadi, si jambo la ajabu, lakini nakala za klabu za vitabu, zile zilizotumwa kwa wanachama badala ya kuuzwa madukani, hazina bei, na mkasi huficha hilo vizuri. Pindo likiwa limekatwa juu na chini, achana nalo: chini ndipo klabu walipoandika jina lao.

Kisha nyuma ya jaketi. Kwenye Catch-22 ya chapa ya kwanza utakuta picha ya Joseph Heller, bila maoni ya wahakiki. Kitabu kilipopata watetezi, maoni yao yaliongezwa, na bei ikabaki ileile 5.95. Kwa hiyo bei sahihi peke yake haitoshi. Watu huchukua jaketi zuri la chapa ya nne na kulivika chapa ya kwanza iliyokuwa uchi. Linganisha uchakavu: alama ya maji kwenye kitambaa iwe na mwenzake kwenye jaketi, mgongo wa jalada uliopauka haupatani na mgongo wa jaketi unaong'aa, na mikunjo ya jaketi ilale sawasawa kwenye kingo za jalada. Jaketi likizidi au likipungua kwa milimita mbili au tatu, huenda lilizaliwa na kitabu kingine.

Ligeuze sasa, utazame upande wa ndani. Hapo ndipo gundi, karatasi nyembamba za kuzibia na kalamu za rangi hujificha. Mulika tochi kwa pembeni, karibu ilingane na karatasi, na sehemu iliyojazwa itaonekana kama kovu. Rangi iliyoongezwa mgongoni mara nyingi hupenya na kuonekana nyuma. Ukarabati wenyewe si kosa. Kosa ni muuzaji kuunyamazia.

Mwisho, majaketi ya kunakili. Zima taa, washa tochi ya urujuanimno. Karatasi zilianza kutiwa kemikali za kung'arisha kwenye miaka ya kuzunguka 1950, na kemikali hizo huwaka buluu nyeupe. Jaketi la Babbitt au la The Day of the Locust likiwaka hivyo, limetengenezwa miongo mingi baada ya kitabu. Kwa Catch-22 na Slaughterhouse-Five kipimo hiki hakikusaidii, hapo rudi kwenye lenzi: eneo la rangi moja tupu liwe rangi tupu, si mchanganyiko wa vidoa vya rangi nne kama wa printa. Wanaotengeneza nakala kwa uaminifu huandika kwa herufi ndogo pindoni kwamba ni nakala. Angalia kama eneo hilo halijakatwa.

Klabu za vitabu na nakala za kuiga

Klabu walituma mamilioni ya vitabu vinavyofanana na vya madukani. Kigeuze kitabu, tazama kona ya chini kulia ya jalada la nyuma, karibu na mgongo. Kidoa, mraba au duara dogo lililobonyezwa bila rangi ni alama ya klabu. Kipapase kwa kidole, maana mara nyingine jicho halilioni. Karatasi ya klabu ni nyepesi, kitabu huwa kidogo kidogo kwa kimo, na Doubleday kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 walichapa namba za siri kwenye mkunjo wa ndani wa kurasa za mwisho. Baadhi ya nakala za klabu zina maneno "First Edition" kwenye ukurasa wa hakimiliki, kwa kuwa mabamba ni yaleyale. Maneno hayawezi kushinda kidoa.

First Edition Library ya Shelton, Connecticut, ilitoa nakala za kuiga vitabu hivi, majaketi yakiwemo, kwa uhodari wa kushangaza. Huja kwenye kisanduku na maelezo kwenye ukurasa wa hakimiliki. Kisanduku kikipotea na muuzaji akapiga picha ya jaketi peke yake, unaweza kuduwaa. Dai picha ya ukurasa wa hakimiliki kila mara.

Usisahau kwamba si kila kitabu kilianza na jalada gumu. The Sirens of Titan ya Vonnegut ilitoka kwanza kama kijitabu cha jalada laini cha Dell mwaka 1959, kwa senti 35. Jalada gumu la Houghton Mifflin lilikuja 1961, zuri na ghali, lakini si la kwanza. Candy ya Terry Southern na Mason Hoffenberg ilianzia Paris kwa Olympia Press mwaka 1958.

Gentlemen Prefer Blondes ya Anita Loos, Boni & Liveright 1925, ina alama rahisi kuliko zote. Kwenye ukurasa wa yaliyomo neno "Divine" limeandikwa "Devine". Sekunde tano tu.

Sahihi

Anza na kalenda. Toole alikufa miaka 11 kabla kitabu chake kutoka, kwa hiyo nakala ya A Confederacy of Dunces yenye sahihi yake ni muujiza au ni ulaghai. Sahihi inayowezekana ni ya Walker Percy, aliyeandika dibaji. West alikufa Desemba 1940, hakupata muda wa kusaini vingi. Heller na Vonnegut walisaini sana, kwa hiyo sahihi zao kwenye chapa za baadaye zisikutoe jasho. Sahihi iliyokatwa mahali pengine na kubandikwa ina thamani ndogo kuliko iliyoandikwa kitabuni moja kwa moja. Itazame kwa lenzi: wino wa kalamu halisi hufuata nyuzi za karatasi na huzidi pale mkono ulipotulia. Sahihi ya muhuri ni bapa pande zote.

Wakati wa kununua

Omba picha hizi kabla ya kulipa: ukurasa wa jina, ukurasa wa hakimiliki, ukurasa wenye alama unayoitafuta, mapindo yote mawili ya jaketi, upande wa ndani wa jaketi, kona ya chini ya jalada la nyuma, na kingo za chini za kurasa, ambako mstari wa kalamu nene huonyesha kitabu kiliuzwa kwa bei ya kutupa. Anayekataa kupiga picha nane amekwisha kukujibu.

Soma daraja la hali kwa lugha ya soko. Wauzaji wa Marekani hushuka kutoka Fine hadi Very Good, kisha Good, kisha Fair. Good hapo si nzuri: ni kitabu kilichochoka lakini kilicho kamili. Kwa vitabu vya baada ya 1950 usishuke chini ya Very Good isipokuwa bei ni ya kuokota. Kwa Twain unaweza kuvumilia zaidi, maana vitabu vile vizito vilivuta mikunjo yake tangu siku ya kwanza, na mshono uliolegea ni wa kawaida.

Wanachama wa Antiquarian Booksellers' Association of America, iliyoanza 1949, wanafungwa na kanuni ya kurudisha pesa kitabu kikigundulika si kile kilichoelezwa. Bei yao huwa juu, na sehemu ya bei hiyo ni dhamana. Kwa Twain na wenzake wa karne ya 19, muulize muuzaji namba ya kitabu katika Bibliography of American Literature ya Jacob Blanck. Huckleberry Finn ni 3415. Muuzaji asiyeijua orodha hiyo hajakosa uaminifu, ila alama itabidi uzihakiki mwenyewe.

Kikishafika nyumbani

Funga jaketi kwa karatasi angavu ya poliesta isiyo na asidi, iliyokatwa kwa kimo cha jaketi, na usiibandike kwenye jaketi kwa gundi wala utepe. Utepe wa kawaida huacha mstari wa kahawia usiotoka. Simamisha vitabu wima, visibanane wala visiinamiane. Unyevu uwe kati ya asilimia 35 na 50, joto lisizidi nyuzi 21 za Selsiasi, na jua lisiguse migongo: nyekundu na chungwa ndizo za kwanza kupauka. Karatasi za miaka ya 1880 hadi 1930 zina asidi ya massa ya mbao, hugeuka manjano na kukatika ukizikunja, kwa hiyo geuza jani kwa kona ya juu, taratibu, kwa vidole vikavu na visafi. Glavu za pamba hazifai, huchana kingo.

Usifute maandishi ya mwenye kitabu wa zamani. Jina lililoandikwa kwa wino mwaka 1922 linapunguza bei kidogo, raba inapunguza zaidi na inaacha ukungu unaoonekana kwa tochi ya pembeni. Kibandiko cha duka la kale kilicho ndani ya jalada kiache kilipo.

Kwa kila kitabu andika kadi: tarehe, ulikokinunua, bei, chapa, kila alama uliyoihakiki na namba ya ukurasa wake, na kasoro zote. Weka kadi na risiti mbali na kitabu, kwenye bahasha yake. Kadi ikiachwa ndani miaka kumi, asidi yake itahamia kwenye ukurasa wa jina na kuacha kivuli cha mstatili.